Barabara Iliyochimbwa Kabla ya Kuzinduliwa

Tata, shikamoo.

Ni mimi Rhobi, binti yako, niliyekuchanganyia zege tangu nimalize darasa la saba. Mikono yangu ina saruji, kwa hiyo ukiona karatasi imechafuka usinune.

Nianze na siku ya mazishi, maana wewe hukuiona. Gari lililobeba jeneza lako lilizama kwenye tope katikati ya senta, pale pale ulipozoea kusimama kila masika ukiwaambia watu kwamba changarawe si barabara, ni uji unaosubiri mvua. Nyuma yetu malori ya mawe ya dhahabu yalikuwa yanapiga honi. Mzee Marwa, uliyebishana naye miaka yote, yeye akitaka lami na wewe vitofali vya zege, alivua viatu, akakunja suruali, akasukuma kwa bega. Gari lilipochomoka likamrushia tope mpaka kwenye meno. Akajipangusa, akasema, "Chacha hata amekufa bado ananibishia." Watu walicheka, Tata. Mama alicheka huku analia.

Aibu ile ndiyo iliyoitisha kikao. Wote walikubali barabara itengenezwe, lakini kwa kitu gani? Mzee Marwa akasema lami, kama ya Tarime mjini. Mimi nikasimama, nikasema maneno yako: lami bila mitaro ya maji itapasuliwa na malori, lakini kitofali kikizama unakinyanyua, unajaza mchanga, unakirudisha. Walinisikiliza kwa upole kwa sababu ya msiba, kisha wakachagua cha bure.

Cha bure kilikuwa magwangala, yale mawe yanayotupwa nje ya mashimo baada ya wachimbaji kuchukua chao. Tuliyapanga kwa mkono, tukayashindilia. Yalikaa vizuri, nisiseme uongo. Mwenyekiti akaanza kutafuta utepe wa uzinduzi.

Kabla hajaupata, mvua ikanyesha, ikayaosha mawe. Mwita wa bucha alikuwa anafagia mbele ya duka lake, akaona jiwe linang'aa. Hakusema kitu. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka, maana unamjua Mwita, mtu anayemtangazia kila mpita njia habari za figo zake. Tulichoona ni ndoo imepinduliwa mdomo chini mbele ya bucha. Jirani yake akaiinua ile ndoo, akakuta shimo. Naye akaleta ndoo yake. Kufika jioni, Tata, barabara nzima ilikuwa na ndoo, na kila mwenye ndoo anakuambia anatega maji ya mvua. Zote zilikuwa zimepinduliwa mdomo chini.

Kulipokucha waliacha kujificha. Zikaja nyundo, sururu, na vijana waliopanda kutoka mashimoni, wakisema ya nini kuteremka chini wakati dhahabu iko mbele ya duka la soda. Mwenyekiti alikuja kuwakataza. Aliondoka amevaa koti, kwenye jua lile, na mifuko yake inamvuta chini. Shangazi alivuka mpaka wa Sirari kuja kutupa pole ya msiba, akabaki kuponda mawe. Na Mama, ambaye siku zote husema dhahabu ni ugonjwa, nilimkuta nyuma ya nyumba na nyundo yako. Nikamuuliza anafanya nini. "Natengeneza mlango," akasema. Tata, mlango ule ni pazia.

Mawe yote yakapelekwa kusagwa kwenye karasha. Yakatoa vumbi. Kilichong'aa kwa Mwita hakikuwa na bei yoyote. Tukabaki na mashimo tu, na lori moja likalala ubavu katikati ya senta, mbuzi wakapanda juu yake kuota jua.

Kikao cha pili hakikuwa na kelele. Mzee Marwa ndiye aliyesimama. "Tutandike vitofali vya zege," akasema. "Hakuna atakayevivunja kutafuta dhahabu, maana sote tutaona kinachotiwa ndani." Wakapiga makofi, wakanipa mimi kazi. Kwa hiyo umeshinda, Tata, ila si kwa hoja yako.

Nilichanganya zege hadharani, katikati ya senta. Kina mama walileta viti wakakagua kila koleo. Sasa barabara imefika kwenye mashine ya kusaga unga, na malori yanapita juu yake. Mvua za juzi zilizamisha vitofali kidogo. Nikavinyanyua, nikajaza mchanga, nikavirudisha kabla watu hawajamaliza chai. Mzee Marwa alisimama hapo amekunja mikono. "Lami isingefanya hivyo," akasema. Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Tangu uondoke amepungua mwili. Anakuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, anakaa, anaanza habari za lami. Mimi nataja vitofali. Mama anapakua ugali, na kufika kitonge cha tatu sauti ya Mzee Marwa imerudi, anagonga meza kama alivyokuwa akikugongea wewe. Wiki iliyopita alinichoka, akauliza kama huwa nakubali kitu chochote. Nikasema hapana. Akatazama kiti chako, akaomba aongezewe mchuzi.

Pumzika sasa, Tata, huku tumebaki sisi. Nakuahidi sitakubaliana naye mapema.

Binti yako,
Rhobi