Kazima maikrofoni mbio za Wendell

Colleen, uko wapi? Nina hasira hapa uwanjani, hata chipsi zimenishinda.

Si leo ni mbio za farasi wa vigari za kumkumbuka marehemu Wendell, mtangazaji wetu? Huyu mtangazaji mpya, Tyler, kamtaja mshindi tu, kazima maikrofoni. KAZIMA! Na yule farasi jike, Dusty Marlene, bado yuko kwenye kona!

Wendell miaka yote hakuzima mpaka farasi wa mwisho avuke mstari na yeye amtaje jina. Kisiwa kizima kinajua!

Nikapanda mbio hadi kibandani kwake. "We Tyler, mbio hazijaisha!"

Eti, "Mama, mshindi si keshapita? Wa mwisho nani anamjali?"

Nani anamjali! Macho makavu, kakalia kiti cha Wendell!

Kumbe Bernadette, mjane wa Wendell, kanifuata na mkongojo wake. Kaiwasha maikrofoni mwenyewe.

"Na Dusty Marlene huyooo, anaingia. Karibu nyumbani, mama."

Maneno ya Wendell yale yale, Colleen. Yale yale.

Uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Tyler naye akaanza kujiinua.

Nikamwambia, "Wewe kaa! Si umesema wa mwisho hana anayemjali?"