Damu ya Kulinganishia

Sfax, 9 Februari

Kwako Dada Dalenda,

Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji Mongi, na mkweo Mama Mbarka pia, ambaye nasikia miguu inamsumbua ingawa ulimi bado mzima. Mimi mwili sijambo, kichwa ndicho kimevurugika. Bsisa uliyonitumia, ule unga wa nafaka za kukaanga, ilifika na nimekwisha kuimaliza. Habari ya mimba yako ya miezi miwili nimeipata. Uliponisikia nalia kwenye simu ulidhani ni furaha. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya hapo kwenu husikilizwa na nyumba nzima. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Oktoba iliyopita Profesa Lotfi alianzisha kipimo kipya hapa maabara. Tulikuwa tunaletewa watoto wachanga kutoka kusini, matumbo yamevimba kama ngoma, miguu kama vijiti. Nilipomuuliza ni ugonjwa gani, alichukua kalamu akanichorea. Alisema kila chembe hai ya mwili imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta, na kila kijipande cha mafuta hayo kina kichwa chenye fosfati na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia, basi hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikiwa nje. Nilicheka, nikamwambia baba yetu alichimba fosfati Metlaoui miaka ishirini na minane bila kujua kwamba amejengwa nayo. Profesa hakucheka. Alisema chembe huyajenga na kuyabomoa mafuta hayo kila siku, na kila aina ina kimeng'enya chake cha kuikata. Aina moja huitwa sfingomielini. Mtoto akizaliwa bila kimeng'enya cha kuikata kichwa, haivunjiki. Inarundikana kwenye bandama, kwenye ini, na mwisho kwenye ubongo. Wengi hawafiki miaka mitatu.

Nilimsikiliza Profesa, Dada, lakini niliyekuwa namwona ni Skander wako, mwanao tuliyemzika na tumbo lililovimba vilevile.

Sasa, damu ya mgonjwa haipimwi peke yake. Huwekwa kando yake damu ya mtu mzima mwenye afya ili kulinganisha. Bwana Ridha, fundi wetu mkongwe, alinitazama akasema, "Wewe binti wa Gafsa, mashavu kama komamanga, lete mkono." Nikatoa damu. Majibu yalipotoka, ya watoto yalikuwa karibu na sifuri, kama tulivyotazamia, lakini yangu yalikuwa nusu ya yanayotakiwa. Sote tulichanganyikiwa. Profesa aliamuru dawa zimwagwe na nyingine zichanganywe upya. Tukaosha mirija, tukapima joto la maji, tukarudia. Nusu tena. Ridha akanitania, "Rafika, kumbe hata damu yako inafanya kazi nusu siku!" Nikacheka na wenzangu. Mara ya tatu niliweka damu ya Ridha kando ya yangu bila kumwambia mtu. Ya kwake ilitoka kamili, yangu nusu.

Nilikwenda kusoma mwenyewe. Maana yake ni kwamba mzazi mmoja alinirithisha kimeng'enya kilicho kizima na mwingine kilicho kibovu. Mtu wa namna hiyo haugui kamwe. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina fungu moja kati ya manne la kupata mtoto mgonjwa. Nikaanza kujiuliza kibovu kimetoka kwa Mama au kwa Baba. Wewe umeolewa na mtoto wa Ami Tahar, ndugu wa Baba, tumbo moja. Siku ya msiba wa Skander Mama Mbarka alisema mbele ya watu kwamba damu ya nyumba yetu ni mbovu. Ikiwa jambo hili lilianzia kwa babu, basi liliingia milango yote miwili, na mwanawe Mongi analo vilevile. Nilitaka kufurahi kwamba lawama si yetu peke yetu, Dada, nikashindwa. Na bado sina hakika. Skander hakupimwa, daktari aliandika ini tu.

Sasa nifike pale ninapoogopa. Haya yote niliyajua Oktoba. Nilimdanganya Profesa kwamba nilikuwa na homa, damu yangu haifai, nikaiweka ya Ridha mahali pake. Mwezi uliofuata, mlipokuja kwenye harusi ya Sihem, ulinivuta jikoni ukaniuliza, "Rafika, wewe unafanya kazi na madaktari. Nijaribu tena?" Nikakujibu, "Jaribu, Dada, Mungu karimu." Nilijua, na nikasema hivyo.

Nimejiambia kwamba nilikuhurumia. Siku nyingine naona si huruma: wazazi wa Anis wanakuja kuniposa masika, nami niliogopa jina la ugonjwa lisinitangulie mlangoni. Sijui ni lipi. Huenda ni yote mawili.

Jumatatu nilimweleza Profesa kila kitu. Hakunifokea. Alisema mje wote wawili upesi, mtoe tone la damu kila mmoja. Mkiwa nusu wote, mimba ikifika mwezi wa nne maji ya tumboni yanaweza kupimwa. Mafungu matatu kati ya manne ni ya heri, usiyasahau hayo. Fungu la nne likitokea, sina ulimi wa kukuambia ufanye nini. Hata mimi sijui ningefanya nini.

Gari la alfajiri kutoka Gafsa hufika hapa kabla ya saa nne. Nitakuwa kituoni Alhamisi, na Alhamisi itakayofuata pia. Kama hutaki kusema nami, usiseme. Nitatembea mbele hadi maabara, wewe unifuate.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani. Safari hii usinibebee kitu chochote. Njoo na Mongi.

Mimi mdogo wako,
Rafika