Rispa kwa R

Tuwan, Kitale
Machi, 1994

Kwa ndugu yangu Wafula,

Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa na afya, na kwamba wifi yangu amepata nguvu baada ya kujifungua. Je, mvua imefika huko Myanga? Hapa tumeshalima, tunangoja. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la chaki, na hasira ambayo nitakueleza sasa hivi kwa sababu sioni faida ya kuizungushia maneno.

Uliniandikia kwamba mtoto ataitwa Nanjala, kama marehemu mama, na hapo sina neno. Lakini jina la ubatizo mmeamua liwe Diana, si Rispa alivyobatizwa mama, kwa kuwa wifi anasema Rispa ni jina la vikongwe wanaovuta tumbaku kule Malakisi. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu na sikuulizwa. Nilikusudia kuja Jumapili ya ubatizo nizungumze na mchungaji mwenyewe. Kabla ya hapo nilitaka niwe na ushahidi kwamba wifi amekosea.

Niliingia stoo ya shule nikatoa rejista za zamani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, darasa langu la saba lilikuwa na akina Rispa watano, tukawatofautisha kwa sifa: Rispa Mrefu, Rispa wa Mchungaji, Rispa Kimya, na wawili waliobaki kwa majina ya baba zao. Mama Mhindi mwenye duka la sare pale mjini alikuwa akilidarizi jina hilo kwenye sweta kabla shule hazijafunguliwa, akijua hazitalala dukani. Miaka michache baadaye wakawa watatu, kisha mmoja. Mwaka huu, kuanzia darasa la kwanza hadi la nane, hayupo hata mmoja. Nilipomwuliza yule mama wa duka, alicheka. "Rispa imekwisha, Mwalimu," akasema. "Sweta ya mwisho nilifumua jina, nikauzia Mercy."

Nilikuwa na maelezo yangu tayari: redio, magazeti, tamaa ya kuiga watu wa Nairobi. Yangenitosha kabisa kama nisingepita kwa mwanamke anayeniuzia sukuma wiki hapa Tuwan. Yeye ndiye yule Rispa Kimya. Binti yake ameanza darasa la kwanza Januari, naye anaitwa Faith. Nilimwuliza, kwa sauti ya mwalimu, kwa nini wanawake wa rika lake wanalionea haya jina lao wenyewe.

Alimaliza kukata mboga za mteja, akamfungia, ndipo akasema, "Si ni wewe, Mwalimu."

Sikumwelewa. Alinieleza bila ukali wowote. Kwenye kadi ya ubatizo mchungaji alimwandika Lispa, kama alivyosikia wazazi wakitamka, na kitambulisho kikafuata kadi. Lakini kwenye fomu ya mtihani wa darasa la saba mimi nilifuta L nikaweka R, na vyeti vyake vyote vya shule vikafuata fomu ile. Siku alipoitwa kwenye chuo cha uuguzi, karani alilinganisha karatasi akamwambia kwamba hao ni watu wawili. Alitumwa Bungoma kuapa mbele ya hakimu, akarudishwa mara mbili, na alipopata muhuri nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine.

"Sasa mimi nipatie mtoto jina ya kwenda kortini?" aliniuliza. "Faith haina L, haina R. Hata karani akitaka kukosea, atakosea wapi bana?"

Kisha akaniambia kwamba wenzake wa darasa lile husema hivyo hivyo wakikutana, maana wengi wao niliwasahihisha.

Wafula, ni kweli. Nakikumbuka hata kifutio chenyewe. Nilijua kwamba jina limo katika Samweli wa Pili, na limeandikwa kwa R. Sikuona haja ya kumwuliza mtoto wanavyomwita kwao. Nilijiona ninawaokoa na ile aibu ya kuchanganya L na R, ambayo sisi watu wa Bungoma tunachekewa kila tuendapo. Rejista zisingeweza kunionyesha kosa hilo, kwa kuwa mwandishi wake ni mimi. Sidai kwamba jina zima limeangushwa na mkono wangu. Akina Sharon na Brenda wamejaa darasani, na herufi hiyo ya matatizo wanayo. Lakini nilikuwa nikitafuta ushahidi dhidi ya wifi, na nilioupata unanihusu mimi.

Nilimwomba yule mwanamke radhi. Alisema ni mambo ya zamani, kisha akanihudumia kama mteja mwingine yeyote. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hakuna la kusahihisha tena.

Basi, mwandikeni Diana. Sitazungumza na mchungaji. Ninalotaka kwako ni moja: kadi ya ubatizo na cheti cha kuzaliwa viwe na jina lile lile, herufi kwa herufi, na uvisome mwenyewe kabla hujatoka ofisini. Usimwachie karani.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mama hakuweza kutamka R maisha yake yote. Siku aliyonitembelea hapa shuleni alitaja jina lake mbele ya walimu wenzangu, nami nikamsahihisha. Waliokuja baadaye aliwaambia tu kwamba yeye ni mama yangu.

Msalimie baba mdogo, na uniambie kama mguu wake umepoa. Msalimie shangazi anayemwogesha mtoto, najua hapati usingizi. Mwambie wifi kwamba nitakuja Jumapili hiyo na nitakaa benchi la nyuma. Nikishampakata mtoto nitamwita Lispa, kwa mdomo tu. Asikasirike. Sitaliandika popote.

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu