Neno Ambalo Gazeti Halikuandika

Binti yangu Ngoie, uliye kwa nkambo wako, mzazi wa mama yako, huko Mitwaba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, kwa sababu mezani mama yako angeniuliza ninaandika nini, na yeye bado sijamwambia. Nimetaka wewe uisikie kwanza aibu yangu.

Unaikumbuka kamba ambayo muuzaji hutundikia magazeti kwa vibanio, karibu na soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi? Nilikubeba mabegani hata kabla hujaanza shule. Tulikuwa wasomaji wa kusimama, hatununui hata karatasi moja, muuzaji ametununia tangu asubuhi. Hapo ndipo uliposoma neno lako la kwanza la Kifaransa, "pluie", mvua, na wanaume wazima wakakupigia makofi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Unakumbuka pia uyoga wetu, bowa, wa msituni kule nyuma ya Kasapa. Tulichuma mpaka shati langu likawa kikapu. Ulipoingia chuo ulirudi kule, ukakuta visiki na tanuri za makala, mkaa wa kupikia. "Papa, bowa yetu iliisha," uliniambia. Yote uliyoyasema baadaye mbele ya watu yalianzia hapo.

Kisha ukaitwa kwenye ule mkutano wa Ulaya, uiseme misitu yetu. Mama yako mdogo alitutumia kwa simu gazeti la Ubelgiji. Waliandika kwamba ulilelewa ndani ya mashimo ya migodi, wewe uliyekuwa ukiogopa hata shimo la choo. Gazeti la Zambia lilikupa mistari minne tu, lakini humo ndimo nilimokuta maneno yako mwenyewe: miti, makala, mvua inayochelewa.

La hapa kwetu lilikuweka ukurasa wa kwanza. Eti umetumwa na Wazungu, eti unataka kutunyima makala, Lubumbashi nzima ile bukari, ugali wetu, ikiwa mbichi.

Nilikuwa pale kwenye kamba. Wazee waliotujua wamekwisha, siku hizi wamejaa vijana, na mimi huwageuzia Kifaransa kwa Kiswahili.

"Vieux, utusomee," wakasema, ndivyo wanavyoniita mzee. Nikasoma. Mmoja akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?"

"Miye sijue," nikajibu.

Niliogopa wangenicheka, Ngoie. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana. Na ili wasinishuku hata kidogo, nikajifanya naendelea kusoma, nikatia neno langu: "Na bazazi yake, baba na mama, aliwaacha na njaa." Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Neno hilo lilifika chuoni kabla yako. Uliporudi kutoka Ulaya, wenzako wakawa wanakuuliza njiani kama umeshalisha wazazi. Ukaja nyumbani, ukakaa karibu nami.

"Papa, ile gazeti niliisoma yote. Ile neno ya njaa haiko mule. Inatoka wapi?"

"Bantu banaongeaka tu," nikakuambia, kana kwamba ni uvumi wa watu, macho yangu kwenye sahani.

Ukaniongezea bukari. Uliniongezea kama mtu aliyeanza kujiuliza labda kweli baba yake ana njaa. Nilikula yote. Siku mbili baadaye ulipanda lori la Mitwaba, na tangu hapo unaongea na mama yako tu.

Inatoka kwangu, mwanangu. Waandishi wa Ubelgiji hawakujui, wa hapa hawakupendi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekubeba mabegani. Naona haya kukuomba msamaha, na bado nakuomba. Sikuambii urudi.

Barua hii nimeinakili mara mbili. Moja nampa dereva wa lori akuletee. Nyingine, nikishamwambia mama yako, nitaipeleka kwenye kamba na kumwomba muuzaji kibanio kimoja niitundike. Vijana watasema, "Vieux, utusomee." Nitasoma kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kuruka. Na wakiuliza tena mutoto huyu ni wa nani, jibu watalikuta hapa chini.

Baba yake Ngoie