Mnofu wa Tumbo la Mgebuka

Mke mwenzangu Zainabu,

Sisi hapa Ujiji wazima. Babu yako goti limetulia, na mama yako amehamia Katubuka, karibu na shule anayofundisha.

Umeuliza kama majani ya mubirizi yanapunguza mwili, maana umesikia niliyanywa usichanani. Niliyanywa kweli. Nilitaka gauni la kumsindikizia dada yangu Mwamini, aliyeolewa Kongo, ng'ambo ya ziwa, linikae vizuri. Kila asubuhi nilichemsha, nikanywa kikombe kizima, machungu mpaka machozi yananitoka.

Siku ya safari yake mama alipika samaki wetu wa ziwa, migebuka, kwa mawese. Tulikaa sinia moja. Mwamini akamega mnofu wa tumboni, akausogeza upande wangu, kama alivyofanya tangu utoto wetu.

"Kula, mdogo wangu."

Nikausukuma. Mdomo ulikuwa mchungu, na mawazo yote yalikuwa kwenye gauni. Akaula mwenyewe, taratibu, akanawa, tukampeleka bandarini. Hakurudi tena, alifia hukohuko.

Basi jibu ndilo hilo: yaliniondolea hamu ya kula. Mwili sijui, maana gauni lilinibana vilevile. Wewe una presha, muulize daktari kabla hujachemsha chochote.

Mti bado upo nyuma ya jiko, ukiyataka nitakutumia. Ila mpaka leo nikila mgebuka, mnofu wa tumboni nausogeza upande wa pili wa sinia. Babu yako anajua. Haugusi.

Bibi yako