Kilo Kumi Kabla ya Kisu

Jumamosi, 12 Juni 1976

Kosa la watu wengi wanapoambiwa wapunguze mwili ni kuanza na sahani. Sahani haina kosa. Haijipakulii. Mtu aanze na yule anayempakulia. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sijaona tatizo lililokaa pale linapoonekana.

Kwa hiyo nianze na Esta, mkaza mwana wangu. Lakini nimwambie nini?

Niyaandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Juzi daktari wa misheni kule Shinyanga alinibonyeza tumbo kwa vidole viwili. Ngiri ya kitovu. Imefika ukubwa wa chungwa. Ni tundu kwenye nyama ya tumbo, na utumbo unachungulia nje. Siku utakapobanwa humo usirudi, nitakuwa na saa chache tu – na kutoka hapa Kahama hadi kwenye meza yake ni nusu siku, kama basi halikuharibika. Dawa ni kisu. Ila hanikati nikiwa hivi. Mafuta yanaifanya dawa ya usingizi iwe ya hatari, kidonda nacho hakishiki. Nina kilo 102. Anataka 92, Jumanne ya tarehe 17 Agosti. Mwisho wa mwezi huo anarudi kwao Uholanzi, na haijulikani kama atakayekuja anajua kukata.

Ugali: ngumi moja. Alikunja mkono kunionyesha. Nikamwuliza kama anaweza kukunja na ule wa pili. Hakucheka. Mboga bila samli. Karanga, hapana! Chai bila sukari. Kutembea saa nzima kila siku.

Simwambii mtu. Kaka yetu Theonest aliingia chumba cha upasuaji mwaka 1958 akitembea kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Tangu hapo ukoo wetu umeapa: hakatwi mtu. Mwanangu Nkwabi, mume wa Esta, akijua, dada yangu Mbuke kule Geita atakuwa na barua wiki hiyohiyo.

“Tumbo linanisumbua.” Ndilo jibu langu kwa kila atakayeuliza. Wala si uongo.

Jumatano, 16 Juni

Nimetembea barabara ya Isaka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Watu sita wameniuliza naenda wapi. Sita! Nikijibu siendi popote, wanasimama. Mama mmoja aliniambia pole, akageuka kunisindikiza hadi nyumbani, akiniongelesha polepole kama mtu aliyechanganyikiwa. Kesho nabeba dumu tupu la mafuta ya taa. Mwenye dumu haulizwi.

Jumamosi, 19 Juni

Mzani umepatikana. Wa hospitali ya wilaya siutaki – muuguzi wa pale anaimba kwaya nasi, na kwaya nzima ingejua kabla ya ibada. Nimekwenda dukani kwa Badrudin kabla hawajafungua. Watoto wote watatu wa mkewe, Anar, wamepita mikononi mwangu. Nimemwambia Anar ukweli. Ndiye wa kwanza. Ajabu, mtu asiye wa ukoo ndiye rahisi kumwambia.

Mzani wao wa magunia uko kati ya choroko na chumvi. Nikapanda. Anar akaanza kusukuma kile chuma cha kupimia.

“Usishike ukuta, Mwalimu! Wanaoleta mchele wanaweka mguu, wewe unashika ukuta!”

Kilo 101.

“Vua viatu.”

Mia moja na nusu.

“Vua na saa.”

Nikasema saa haina uzito wa kubadili kitu. Akasema nayo haina faida ya kubaki mkononi. Nikavua. Mia moja na nusu ileile. Tumecheka hadi Badrudin akagonga ukuta kwa ndani.

Alhamisi, 24 Juni

Njaa. Nimeota matobolwa, viazi vyetu vya kuchemshwa na kukaushwa. Nimeota harufu yake!

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Wageni tangu asubuhi, wanawake wa kwaya na majirani. Esta amepika nyama, wali, na michembe ya viazi vikavu kwa karanga kama apikavyo yeye, ile karanga inayokwangua koo taratibu. Nimekula ngumi yangu moja na mchicha. Nikanawa.

“Mwalimu, umenawa?”

“Nimeshiba.”

“Chakula cha Mama Holo kina nini leo?”

“Labda chumvi imepungua,” mwingine akasema.

“Au kimezidi kitu kingine,” akasema wa tatu. Wakacheka. Hawakunitazama mimi. Walimtazama Esta, naye akainama akamfunga upya mwanawe Holo mgongoni, ingawa hakuwa amelegea.

Ningelijua mapema hili, mimi mwalimu mzima! Kwetu mwili wa mama mkwe husomwa kama ripoti ya shule, na ripoti si yangu, ni ya mkaza mwana. Mama akinawiri, mke amefaulu. Mama akikonda, kuna jambo jikoni. Mimi napunguza kilo, yeye anapunguziwa alama.

Jumamosi, 10 Julai

Kilo 97 na nusu. Nimerudi na furaha yangu, nikamkuta Esta nyuma ya jiko analia, moto umezimika chini ya sufuria ya uji.

“Mayu, mama yangu, niambie tu kama mkono wangu unakuchefua. Nitamwita mtu mwingine akupikie.”

Nimemwambia yote. Nimemwonyesha na ngiri. Aliigusa kwa kidole kimoja, kama anavyopima joto la maziwa ya mtoto.

“Kwa hiyo si mkono wangu?”

“Si mkono wako.”

Alilia tena, namna nyingine. Nikamwapisha: asimwambie mtu, hata mumewe. Akasema, “Mimi sina mdomo, Mayu.” Jioni kanipimia ugali kwa ngumi yake badala ya yangu. Ngumi ya Esta ni ndogo mno. Nimejuta kusema.

Jumanne, 20 Julai

Ngiri imetoka na imegoma kurudi. Saa nzima. Esta kanilaza chali, magoti juu, kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Jasho, kutapika. Kisha ikarudi yenyewe, glu, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 31 Julai

94! Gauni la kanisani limekuwa hema. Anar kanipa pini tatu.

Ila mtaani kwetu Nyasubi wanasema. Esta hutaka kunificha anayoyasikia bombani, nami humlazimisha aseme. “Bibi anatazama, mke anakula.” “Mwalimu anapewa makoko.” Mmoja kamwuliza mbele ya foleni nzima: “Mama Holo, nyumbani kwenu mnakula kwa kadi ya mgawo?” Watu wakaangua kicheko. Esta kajaza ndoo yake akaondoka. Nikamwuliza kwa nini hakujibu.

“Ningejibu nini, Mayu? Jibu ni lako.”

Nkwabi amekuja juzi kutoka Isaka, stesheni anakofanya kazi wamempa siku mbili. Mezani hakula. Alikuwa akiutazama mfupa wa bega langu, kisha sahani ya mkewe, kisha bega. Nilipotaka kusema, nilimwona Theonest chini ya shuka. Nikaomba chumvi.

Bado wiki mbili na siku chache. Najiambia Esta ni kijana, atavumilia. Akishanikata daktari, nitamsafisha mbele ya watu wote. Najiambia hivyo kila siku – na kila siku natembea haraka zaidi na dumu langu tupu.

Jumapili, 8 Agosti

Mbuke amefika! Nkwabi alimwandikia. Ameingia uani akilia kama aliyekuja matangani, mikono kichwani.

“Dada yangu Zipora ameisha! Mmemmaliza!”

“Mbuke, nipo hapa, nasimama.”

“Unasimama? Upepo ndio unaokushikilia!”

Esta alipiga goti kumsalimu. “Shikamoo, Mama.” Mbuke akaipita salamu kama mtu anayepita kisiki. Tangu tuzaliwe sijamwona akiacha salamu bila marahaba. Ameshika jiko yeye mwenyewe. Samli kaja nayo kutoka Geita, galoni nzima.

Jumatano, 11 Agosti

Mbuke anakaa mbele yangu mpaka nimeze. Nimejifunza kuficha tonge ndani ya kanga na kuwapelekea kuku. Kuku wa nyumba hii wamenona. Mwanamke wa miaka sitini na moja, mwalimu mkuu mstaafu, naiba chakula changu mwenyewe! Nimemwambia Mbuke kwa ukali kwamba Esta hana hatia. Akanishika shavu: “Ndivyo wanavyosema wote waliotiwa kitu.” Kwa hiyo kumtetea nako kunamchongea.

Esta sasa hula jikoni peke yake. Nkwabi yuko likizo ya siku saba, hamsemeshi ila kwa kumtaja mtoto.

Jumamosi, 14 Agosti

Kilo 92 na nusu.

Nilivua kila kinachovulika kwa heshima. Anar akasukuma chuma mbele, akakirudisha, akakisukuma. “Nusu kilo hiyo ni maji tu, Mwalimu. Kesho kutwa kula mboga, lala mapema, Jumanne utakuta imeondoka yenyewe.” Basi la Shinyanga linaondoka Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Tikiti anayo Anar, kaificha kwenye kopo la majani ya chai. Kwa akina Mbuke nitasema nimekwenda kuuliza habari ya pensheni.

Daktari yule hacheki, wala haongezi hata nusu kilo. Nilimwona Juni akimrudisha mama mmoja wa Mwadui kwa kilo moja iliyozidi.

Jumapili, 15 Agosti

Mbuke ameagiza wazee wawili wa ukoo. Kesho baada ya adhuhuri. Nilipouliza ni kikao cha nini, akasema, “Cha kukuponya.”

Jumatatu, 16 Agosti

Naandika mlango umerudishwa. Nimewaambia natafuta miwani. Miwani iko puani.

Wazee wako sebuleni, baiskeli zao zimeegemea dirisha langu. Nkwabi anatazama sakafu. Mbuke kasema yake yote, na kasema vizuri – angekuwa mwalimu kuliko mimi. Kwamba aliponiacha mwaka jana nilikuwa na mikono minene na shingo yenye mikunjo. Kwamba aliyekabidhiwa kunitunza yupo, ananyonyesha, anang’aa. Kisha akamwuliza Esta: “Umempa nini dada yangu?”

Esta akavuta kanga yake mabegani.

“Anakula au hali?”

Mzee mmoja akasema, “Binti, kimya chako kinakuumiza.” Esta akanitazama mara moja tu, akateremsha macho.

Uamuzi wao ni huu. Esta ameambiwa apike. Amepika: mlima wa ugali, mbavu zinazoogelea kwenye samli, bakuli la maziwa mgando. Kama mkono wake ni safi, nile kutoka mkononi mwake, mbele yao, nimalize. Nikikataa, ina maana namwogopa, na basi la jioni litamrudisha kwao.

Nimekadiria sahani ile kwa jicho, nimezoea sasa. Na bakuli lake, haipungui kilo mbili. Nikila, Esta anabaki, kesho mzani wa misheni unanirudisha nyumbani, na chungwa hili linabaki nami mpaka siku litakapobana. Nisipokula, nitapanda basi langu la alfajiri, yeye atakuwa ameshapanda la kwake.

Nikisema ukweli, Mbuke atalala mlangoni kwangu usiku kucha. Namjua. Atamtaja Theonest, Nkwabi atalia, wazee watakumbusha kiapo. Huenda kisu kisinifikie kamwe.

Esta ameingia sasa hivi na birika la maji ya kunawa. Akaurudisha mlango kwa kisigino. Akanong’ona:

“Usile, Mayu. Imebaki nusu kilo tu. Mimi nitakwenda kwetu. Ukishapona utanifuata.”

“Na Holo?”

“Wamesema Holo abaki.”

Alisema hivyo akinimwagia maji mikononi, na hakumwaga tone nje ya beseni. Kisha akatoka kwenda kukaa mbele yao, peke yake.

Nilianza daftari hili nikijisifu kwamba nitaanza na anayenipakulia. Nilianza naye kweli. Nikamtwika kiapo, nikaenda kutembea na dumu tupu.

“Dada!” Mbuke anaita. “Miwani haijaonekana?”

Mikono imekauka. Ngiri inagonga, taratibu.

Leo, Zipora, kabla ugali haujapoa: toka, keti karibu na Esta, uwaonyeshe tumbo lako.