Mashimo ya Duara Juu ya Nyumba ya Bibi

Mkumbi,
Mbinga.
11 Januari 1998

Mpendwa mwanangu Restituta,

Marahaba! Najua uliniamkia moyoni kabla hujachana bahasha, maana marehemu mama yako alikulea hivyo. U hali gani huko Dar es Salaam? Kile kikohozi kimekuachia? Chuo wanawapa chakula cha kushiba, au bado ni wali na maharage yenye mawe? Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Ila shangazi yako ana hofu, na kisa chake nakueleza sasa hivi.

Habari za hapa ni mvua tu. Redioni wanaiita El Nino. Barabara ya Mbinga imekuwa uji. Tangu soko la kahawa lifunguliwe kila mwenye lori ni mnunuzi, na barua hii nampa Ignatio, dereva wa mmoja wao, kama atafanikiwa kupita. Mbolea ya mkopo ya ushirika nayo imebaki hadithi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Unakumbuka mwaka jana wakati wa Kwaresima ulimwandikia baba yako kuhusu utafiti wenu? Alinisomea barua yote, sauti juu kama katekista. Ulisema kwamba mhandisi, kabla ya kuuliza chuma au saruji, huuliza umbo. Ulisema daraja husimama kwa pembetatu na bomba huwa duara kwa sababu, na kwamba nusu ya fizikia mnayosoma ni jiometri iliyovaa koti. Nilicheka sana hapo. Kisha ukaandika: je, ingekuwaje kama ngoro zetu, haya mashimo ya shambani ya kushika maji ya mvua, zingekuwa duara kubwa badala ya miraba midogo? Duara hukumbatia nafasi kubwa kwa ukingo mfupi, kwa hiyo maji mengi, kazi kidogo. Ukachora na picha.

Wewe uliuliza swali, Resti. Kaka yangu alisikia agizo.

Unajua tangu mama yako atutoke hapakuwa na mtu wa kumchimbia. Ngoro ni kazi ya wawili: mwanaume alaze nyasi, mwanamke achimbe katikati na kufunika nyasi kwa udongo. Mwenzake hayupo. Basi picha yako ikamjia kama msaada kutoka mbinguni. Mwezi wa tatu akauchimba peke yake mteremko wote ulio juu ya nyumba, duara kubwa kubwa, kila moja ng'ombe analala humo na kujigeuza. Picha yenyewe ameibandika ukutani, kando ya Bikira Maria. Kila mgeni lazima aoneshwe.

Kiangazi mashimo yalikuwa pambo tu. Sasa yamejaa maji. Mimi nimefundisha hesabu za darasa la nne maisha yangu yote, sijui uhandisi, lakini nimekwenda kuangalia kwa macho yangu. Miraba hugawana ukuta, kila shimo limeshikwa na jirani zake pande zote. Hizi duara zinagusana mahali padogo tu, na katikati panabaki vipembe vya udongo mtupu, usio na nyasi chini. Humo humo ndimo ufa umeanza. Jumatatu nilipitisha vidole. Juzi nilipitisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Methali ya ufa na ukuta niliwaimbisha watoto miaka yote, sikudhani itakuja kunikuta shambani!

Na si ufa tu. Mlango wa bibi yako Kunigunda haufungi tena, fremu imepinda. Migomba ya nyuma ya jiko imeinama yote upande mmoja. Chini ya mteremko panatoka maji mekundu ambayo hayakuwapo. Ndoo moja kichwani inanivunja shingo mimi; huo mlima umebeba ngapi?

Nimemsihi bibi aje kulala kwangu. Hataki, anasema ataondoka nyumba ya mwanawe siku ya kubebwa. Nimemwambia baba yako akate mifereji pembeni, ayatoe maji polepole. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Dada, Restituta hawezi kuchora kitu cha kutuua."

Yesu na Maria! Nilirudi nyumbani nikalia.

Labda naogopa bure. Labda umbo lako ni sahihi na mimi ni mwoga tu, nawe utanicheka ukija likizo. Nicheke, mwanangu, natamani sana unicheke! Lakini kama hesabu zako hazikufikiria mteremko wetu, au mvua hii, usingoje kuandika barua. Peleka simu ya maandishi Posta ya Mbinga, kwa jina la baba yako, Tarsisi. Cuthbert wa parokiani hushuka mjini kila akipata usafiri, ataichukua. Usimweleze jiometri. Mwambie atoe maji na amhamishe mama yake. Mimi hanisikii, wala Padre hamsikii. Wewe atakusikia.

Wasalimie wenzako wa bwenini, na Winifrida wa mjomba ukimwona. Bibi anakuombea rozari kila jioni, humo humo ndani. Mungu akufunike, na atufunike na sisi mpaka neno lako lifike.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, mwenye roho mkononi,
Tadea

Baada ya kumaliza: baba yako amepita hapa, amelowa chapachapa, amenikuta na kalamu. Sikumwambia naandika nini. Ameniomba nikuongezee salamu zake. Anasema nikuambie ufurahi, mashimo yako yote yamejaa mpaka ukingoni, na hakuna hata moja lililomwaga tone.